Ligi ya Waliomaliza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mashindano ya Mwisho wa Gemu za Mafumbo

Siku unapopita leveli ya mwisho, gemu haikuagi. Inakurushia fataki, inakuambia leveli mpya ziko njiani, kisha inakufungulia mlango wa pembeni ambao hukuwahi kuuona: ligi ya waliomaliza. Mimi ni nahodha wa timu ya wachezaji hamsini, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kwenye gumzo letu kila wiki, wakati mwingine kutoka kwa mtu yuleyule.

Majibu yanahusu gemu za simu za kulinganisha vitu vya rangi moja, vitatu au zaidi, kwa idadi maalumu ya zamu. Jina la ligi, umbo la kikombe na ukubwa wa zawadi hubadilika kutoka gemu moja hadi nyingine. Utaratibu wa ndani haubadiliki sana.

## Mambo ya mwanzo

Ligi ya waliomaliza ni kitu gani hasa?

Ni shindano linalofunguka kwa mchezaji aliyepita leveli zote zilizopo kwa wakati huo. Katika Royal Match, gemu ya kampuni ya Dream Games ya Istanbul iliyotoka duniani kote mwaka 2021, linaitwa Royal League. Kwingine utakuta majina ya ubingwa, ugwiji na mengine ya fahari kama hayo.

Ukiingia unapewa leveli za ziada ambazo haziongezi namba yako ya leveli ya kawaida. Kila unaposhinda unapata pointi, unapandishwa kwenye msimamo wa kundi lako, na muda ukiisha walio juu wanagawiwa zawadi: sarafu, busta, na maisha yasiyoisha kwa saa kadhaa. (Ninaposema busta namaanisha zile nyundo, roketi, mabomu na mipira ya rangi unayoanza nayo leveli au unayoitumia katikati.)

Kwa nini waliiweka?

Kwa sababu mchezaji mkali anamaliza leveli haraka kuliko watengenezaji wanavyoweza kuzitunga. Leveli moja lazima ichorwe, ijaribiwe, irekebishwe idadi ya zamu, ijaribiwe tena. Candy Crush Saga, ambayo ilianza mwaka 2012, huongeza leveli mpya kila wiki, na bado wapo wanaozimaliza usiku uleule zinaposhuka. Mtu wa namna hiyo akikosa cha kucheza kwa siku tano anaweza kuhamia gemu nyingine asirudi.

Kwa hiyo ligi hii ni ukumbi wa kusubiria, ingawa imepambwa kama jukwaa la mabingwa. Naomba ulishike hilo, maana karibu kila ushauri ninaoutoa hapa unatoka humo. Anayeichukulia kama fainali anamwaga akiba yake yote, halafu leveli mpya zinamkuta mikono mitupu.

Nimemaliza leveli zote lakini ligi haifunguki. Tatizo nini?

Mara nyingi hujamaliza. Angalia kama programu yako ni toleo la karibuni: simu isiyosasishwa inaweza kukuonyesha «leveli mpya zinakuja» wakati wenzako walizipata juzi. Sasisha kwanza, fungua tena, na usishangae ukikuta leveli mia moja zinakusubiri.

Kama kweli umemaliza, huenda raundi iliyopo imebakiza muda mfupi na gemu haipokei watu wapya hadi raundi ijayo. Baadhi pia hudai uwe na intaneti wakati wa kuingia, hata kama leveli za kawaida zinachezeka bila mtandao.

Inatofautianaje na mashindano mengine ndani ya gemu?

Yale mengine (mbio za siku moja, mashindano ya timu, kukusanya funguo au nyota) yako wazi kwa kila mtu aliyevuka leveli chache za mwanzo. Unayacheza ukiwa leveli ya 40 au ya 4,000, na pointi unazipata kwenye leveli zako za kawaida. Ligi ya waliomaliza ni ya wale wa mwisho wa barabara tu.

Jambo ambalo wageni hulisahau: mashindano haya mengine huendelea sambamba, na kwa kawaida leveli za ligi zinahesabiwa humo pia. Ushindi mmoja unaweza kukupa pointi ya ligi, ufunguo wa timu na hatua moja kwenye mbio za siku. Ukitaka kucheza sana, cheza siku ambayo matukio matatu yamepandana.

Kuna pesa taslimu?

Hapana. Zawadi zote hubaki ndani ya gemu. Mashindano ya pesa yapo, lakini ni kitu kingine kabisa: Candy Crush All Stars ya mwaka 2023 ilikuwa na zawadi za jumla ya dola 250,000 na fainali yake ilifanyika London. Mtu akikutumia ujumbe kwamba umeshinda pesa kwa kuwa wa kwanza kwenye ligi yako na anataka nywila yako, huyo ni tapeli.

## Pointi, makundi na msimamo

Pointi zinahesabiwaje?

Bonyeza alama ya «i» au ya kuuliza kwenye ukurasa wa ligi kabla ya kucheza hata leveli moja. Najua hakuna anayebonyeza. Lakini kuna mifumo mitatu tofauti, na kila mmoja unataka uchezaji wake.

Mfumo wa kwanza ni pointi moja kwa kila leveli, iwe rahisi au ngumu. Hapo anayeshinda ni mwenye muda. Wa pili hupima ugumu: leveli ya kawaida pointi chache, ngumu zaidi, ngumu sana zaidi bado. Hapo inafaa kuweka busta zako kwa leveli zenye alama nyekundu au zambarau na kuzipita za kawaida kwa mikono mitupu. Wa tatu hukuza pointi kadiri unavyoshinda mfululizo bila kushindwa, na huo ndio unaoumiza, kwa sababu kosa moja linakurudisha chini (tazama swali la ushindi mfululizo).

Leveli za ligi zinatoka wapi? Naona kama nilishazicheza.

Huenda umeshazicheza kweli. Gemu nyingi huchukua leveli za zamani na kuzirudisha kwa mpangilio tofauti, pengine zikiwa zimepunguzwa zamu. Nyingine zina leveli zilizotungwa maalumu kwa ligi.

Vyovyote iwavyo, mpangilio wa vikwazo ndio unaobaki vilevile. Rangi zinazoanguka kutoka juu huchaguliwa kwa bahati nasibu. Ndiyo maana wewe unaweza kukwama mara saba kwenye leveli ambayo mwenzako kaipita mara ya kwanza huku akiongea na simu nyingine. Usimwombe akueleze «siri» yake. Hana.

Kundi langu limepangwaje, na kwa nini langu ni gumu kuliko la mke wangu?

Kwa kawaida seva (kompyuta za kampuni ya gemu) huwakusanya walioingia kwa wakati unaokaribiana, hadi idadi fulani itimie, kisha hufunga mlango. Wanaoingia dakika ya kwanza raundi inapofunguka ni wale waliokuwa wamekodoa macho wakiisubiri, yaani wachezaji wakali kuliko wote. Ukiingia pamoja nao umejitia kwenye kundi la kifo.

Mimi huingia saa kadhaa baadaye, mara nyingine siku ya pili. Raundi ikiwa ya wiki nzima, napoteza muda kidogo lakini napata majirani wapole zaidi. Mbinu hii haifai kwa ligi zenye madaraja ya kupanda na kushuka, kwa sababu hapo unapangwa na watu wa daraja lako bila kujali ulivyoingia.

Je, wapinzani ni watu kweli au ni roboti?

Swali hili huulizwa kwa hasira, kwa kawaida Jumapili usiku. Jibu la haki ni kwamba mchezaji hana njia ya kuthibitisha. Jina la ajabu si ushahidi, maana watu wengi hubaki na jina walilopewa na gemu siku ya kwanza. Picha ya paka si ushahidi. Kupata pointi usiku wa manane si ushahidi pia: usiku wako ni mchana wa mtu mwingine.

Ninachoweza kusema ni kwamba leveli moja huchukua dakika mbili hadi tatu kwa mtu anayejua anachofanya. Ukiona mtu kapanda pointi kumi ndani ya nusu saa, hiyo inawezekana kabisa. Akipanda sitini ndani ya nusu saa kwenye mfumo wa pointi moja kwa leveli, ama anadanganya ama si mtu. Piga picha ya skrini mara mbili, mwanzo na mwisho wa nusu saa hiyo, uitume kwa huduma kwa wateja kupitia mipangilio ya gemu. Usitarajie kuambiwa walichofanya.

Tukifungana pointi, nani anakuwa juu?

Karibu kila mahali, aliyezifikia kwanza. Sijui kwa nini gemu hazilisemi hili kwa maandishi makubwa.

Nililijifunza kwa machungu. Zilikuwa zimebaki dakika nne raundi ifungwe, aliyekuwa wa kwanza ana pointi 212, nami nina 211. Nikapata leveli rahisi, nikaifuta, 212 kwa 212. Nikaweka simu mezani nikishangilia kwamba tumegawana nafasi. Msimamo ulipofungwa nilikuwa wa pili, na yeye hata hakuwa mtandaoni. Alizifikia asubuhi akaenda zake. Dakika mbili na ushei zilikuwa zimebaki, maisha manne yapo, na leveli moja zaidi ingenitosha.

Kwa hiyo ukimfikia mtu, hujampita. Na wewe ukiwa juu, fahamu kwamba pointi za mapema zina thamani kuliko za mwisho, hata zikiwa sawa kwa idadi.

## Maisha, busta na sarafu

Kwenye ligi maisha yanapungua kama kawaida?

Ndiyo, kwa gemu nyingi. Utaratibu uliozoeleka ni maisha matano, na moja hurudi kila baada ya dakika 30, hivyo ukiishiwa kabisa unahitaji saa mbili na nusu kujaa. Lakini maisha hupungua unaposhindwa tu. Anayeshinda hachajiwi chochote. Mtu anayepita leveli nane kati ya kumi anaweza kucheza zaidi ya saa nzima bila kuona sifuri, ilhali anayekimbilia kugusa kila kinachowaka anaishiwa ndani ya robo saa.

Waombe wenzako wa timu maisha kabla hujaishiwa, maana kuna muda wa kusubiri kabla ya kuruhusiwa kuomba tena.

Nimeshinda maisha yasiyoisha ya saa moja. Niyachukue sasa?

Kama yamewekwa kwenye kikasha cha barua au sanduku la zawadi, yaache humo hadi uwe umekaa vizuri na chaji ipo. Saa huanza kukimbia unapobonyeza kupokea. Nimeona watu wakizipokea saa tano usiku, wakalala baada ya dakika kumi. Baadhi ya gemu huyapokea zenyewe bila kukuuliza. Hapo usifungue sanduku kabisa.

Nitumie busta zangu kwenye ligi?

Hapa ndipo ninapogombana na nusu ya timu yangu.

Fanya hesabu kabla ya kuanza. Fungua orodha ya zawadi, tazama nafasi unayoweza kuifikia kweli (siyo unayoitamani), na uhesabu kuna busta ngapi. Tuseme nafasi ya tano hadi ya kumi inatoa busta sita na sarafu kidogo. Ukitumia busta kumi na tano kuifikia, umepoteza tisa, na umepoteza muda wa wiki nzima juu yake. Nafasi ya kwanza inaweza kulipa, ila ni ya mtu mmoja kwenye kundi zima.

Ninachofanya: leveli za kawaida nazicheza tupu, bila kuanza na chochote isipokuwa kile gemu inachonipa bure. Leveli ngumu nazijaribu mara mbili tupu, ya tatu naweka busta moja. Nyundo na vifaa vingine vya kupiga katikati ya leveli sigusi kabisa kwenye ligi. Hivyo vinangoja leveli mpya, kwa sababu leveli mpya nyingi hutoka zikiwa kali, kabla hazijarekebishwa, na ndipo kubaki bila akiba kunakouma.

Kuna wanaonijibu kwamba wanacheza kwa ajili ya kikombe na hawajali akiba. Sawa. Ila hao hao ndio wanaoniandikia baada ya siku kumi wakiuliza kwa nini leveli mpya hazipitiki.

Zamu zimeisha na kimebaki kitu kimoja. Ninunue zamu tano?

Usitazame idadi ya vitu vilivyobaki. Tazama kama unaiona njia.

Mfano: limebaki sanduku moja kona ya chini kushoto, lina tabaka mbili. Kwenye safu hiyohiyo, upande wa kulia, kuna roketi iliyolala. Ukiigusa inafagia safu yote na kuvunja tabaka la kwanza. Juu ya sanduku kuna vipande viwili vya bluu vilivyopangana wima, na cha tatu kiko hatua moja pembeni. Kukisogeza kunavunja tabaka la pili. Zamu mbili, zote zinaonekana kwa macho. Ila anza na hivyo vya bluu, kwa sababu roketi ikifagia safu, kila kilicho juu yake kinashuka na mpangilio wako unavurugika. Hapo nunua, kama pointi hiyo ina maana kwako.

Mfano wa pili: yamebaki masanduku matatu, kila moja kona yake, na ubaoni hakuna roketi wala bomu. Tano hazitoshi. Utanunua, utasogea, limebaki moja, utanunua tena, na kwa gemu nyingi bei ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ile sauti ya «karibu ushinde» imewekwa pale makusudi.

Kitufe cha kununua huwa kikubwa na cha kijani. Cha kukataa ni alama ndogo ya X pembeni. Ondoa kidole kwenye skrini, hesabu, kisha amua.

Ushindi mfululizo unafanya kazi vipi, na nini kinaukata?

Gemu nyingi hukuzawadia ukishinda leveli kadhaa mfululizo kwa kukuanzishia leveli inayofuata na vitu vya bure ubaoni: roketi, kisha bomu, kisha mpira wa rangi. Kwenye ligi hii ndiyo silaha kuu, kwa sababu haigusi akiba yako. Mpira wa rangi ukiunganishwa na roketi hugeuza vipande vyote vya rangi moja kuwa roketi, na bomu likiunganishwa na roketi hufagia safu tatu za kulala na tatu za wima. Leveli ya kawaida huisha kwa muunganiko mmoja wa namna hiyo.

Unakatika ukishindwa, au ukitoka katikati ya leveli baada ya kusogeza kipande. Ukitoka kabla ya kusogeza chochote, gemu nyingi hazikuhesabii. Kuna wanaotumia mwanya huo kutoka na kuingia hadi ubao uanze vizuri. Wakati mwingine inafaa, wakati mwingine ubao unarudi uleule.

Kitu kinachokata mfululizo bila kosa lako ni simu kuzimika au programu kufungwa na mfumo ili kupata nafasi. Chaji ikiwa chini ya asilimia 10, usianze leveli.

## Leveli mpya zikishuka katikati ya ligi

Nini kinatokea kwa pointi zangu?

Inategemea. Baadhi ya gemu hupanga raundi iishe saa ileile leveli mpya zinaposhuka, na hapo hakuna tatizo. Nyingine huacha raundi iendelee lakini wewe umetoka: una leveli za kawaida sasa, kwa hiyo lazima uzimalize ndipo mlango ufunguke tena. Pointi zako hubaki palepale huku wengine ambao hawajasasisha programu wakiendelea kupanda.

Ndiyo, umesoma sawa. Kuchelewa kusasisha kunaweza kukuacha ndani ya ligi siku moja zaidi. Kwa gemu zinazolazimisha toleo jipya kabla ya kufunguka, ujanja huu haupo.

Je, niache leveli chache bila kucheza ili nisiingie ligini mapema?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na wachache huliuliza. Mashindano mengine (tazama swali la tofauti hapo juu) yanahitaji ushinde leveli, na leveli za kawaida zinafaa sawasawa na za ligi. Ukiwa na leveli ishirini za akiba, unaweza kuzitumia kwa mbio za siku mbili zijazo, kisha uingie ligini raundi mpya ikiwa bado changa badala ya kudondokea mwishoni mwake muda ukiwa umebaki kidogo.

Mimi huacha kati ya kumi na ishirini. Zaidi ya hapo unajinyima ligi bila faida.

## Matatizo ya kiufundi

Nilicheza bila mtandao, pointi hazionekani.

Unganisha intaneti, fungua gemu, subiri msimamo ujipakie. Ikiwa raundi ilifungwa kabla hujaunganisha, pointi hizo zimepotea, kwa sababu seva hupokea matokeo yanapofika, siyo yalipopatikana. Saa ya mwisho ya raundi usicheze mahali penye mtandao wa kusuasua.

Kusogeza saa ya simu mbele ili maisha yarudi, kuna ubaya?

Kuna. Ni ujanja wa zamani uliofanya kazi enzi ambazo gemu zilitegemea saa ya simu. Siku hizi muda wa ligi hutoka kwenye seva, na simu yenye saa tofauti inaweza kufungiwa matukio yote, ama maisha yako yakasubiri hadi tarehe uliyoidanganya ifike kweli. Mwenzetu mmoja alisogeza siku tatu mbele; alirudisha saa, na kipima muda cha maisha kikaonyesha saa 70 na kitu.

Nimebadilisha simu na nimerudi leveli ya kwanza.

Kama ulikuwa umeunganisha akaunti (ya Facebook, Google, Apple, au ya gemu yenyewe), ingia kwa akaunti ileile na maendeleo yatarudi. Kama ulicheza kama mgeni, andikia huduma kwa wateja kutoka simu mpya ukiwapa jina la mchezaji, leveli uliyofika, jina la timu, na risiti ya chochote ulichowahi kununua. Risiti ndiyo inayosaidia kuliko vyote. Usifute gemu kwenye simu ya zamani hadi wamalize, kwa sababu namba ya utambulisho ya mchezaji iko humo kwenye mipangilio.

Ligi imekwisha, zawadi haijafika.

Funga gemu kabisa na uifungue tena ukiwa na mtandao. Zawadi nyingi hutolewa dirisha la matokeo linapofunguka. Likipita bila kitu, tuma picha ya msimamo wa mwisho. Hii ndiyo sababu ninawaambia watu wapige picha ya skrini dakika ya mwisho.

Mtoto alibonyeza kununua zamu kwa pesa halisi. Naweza kurudishiwa?

Unaweza kuomba. Kwa Google Play, omba ndani ya saa 48 kupitia Google wenyewe. Baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji wa gemu. Kwa Apple, ombi hupitia ukurasa wao wa kuripoti tatizo, reportaproblem.apple.com. Kisha weka nywila kwa kila ununuzi. Na ukipewa masanduku ya bahati kwa pesa, Apple tangu Desemba 2017 huwadai watengenezaji waonyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya kitu kilichomo. Tafuta orodha hiyo kabla ya kulipa.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuwa na akaunti mbili ndani ya ligi moja?

Kiufundi ndiyo, kwa simu mbili. Uwezekano wa kupangwa kundi moja ni mdogo, na huwezi kuhamisha pointi. Utajichosha bure.

Nahodha anaweza kumfukuza mtu kwa sababu yuko ligini na hasaidii timu?

Anaweza, na wengine hufanya. Mimi sifanyi. Lakini mtu aliye ligini anacheza kuliko wote, kwa hiyo akiwa hachangii funguo hata moja, kuna kitu hajakiwasha, mwonyeshe kwanza.

Nikikaa bila kucheza raundi nzima, naadhibiwa?

Kwenye ligi isiyo na madaraja, hapana kabisa. Kwenye yenye madaraja unaweza kushuka moja, na kushuka kuna raha yake, kwa sababu raundi ijayo utapangwa na watu wepesi zaidi. Wapo wanaoshuka makusudi kila raundi ya pili. Nikiwa na kazi nyingi nami hufanya hivyo: nashinda leveli moja ili nipate zawadi ndogo ya ushiriki, kama ipo, na nasubiri.

Gemu haijaleta leveli mpya miezi kadhaa. Ligi itaendelea?

Kwa muda, ndiyo, maana raundi hujirudia zenyewe bila mtu kuzigusa. Angalia ukubwa wa makundi. Kundi lililokuwa na watu hamsini likianza kufungwa na ishirini, na majina yaleyale yakirudi kila wiki, wachezaji wameshaondoka. Sarafu ulizonunua kwa pesa hazihamishiki kwenda gemu nyingine, hata ya kampuni ileile, kwa hiyo hapo ndipo nyundo zote ulizozificha zinapofaa kutumika: raundi ijayo, leveli ya kwanza, bila kuhesabu.